Kisima Walichochimba Punda

Jeki iliteleza saa nne asubuhi, gari likaanguka kwenye mawe kwa kishindo, na ekseli ya nyuma iliyokuwa imepinda tu ikakatika kabisa. Bati la pembeni lilimkwangua Jicho kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Alikaa chini mchangani, akautazama mguu wake ukifunguka taratibu na damu ikija nyuma yake.

"Usiangalie," shemeji yake alisema. "Angalia kule."

Kule hakukuwa na kitu. Uwanda mweupe wa chumvi, vilima vya mawe meusi, na mbingu isiyo na hata wingu la kusingiziwa. Shemeji alivua shati, akalipasua, akalifunga jeraha kwa nguvu hadi Jicho akauma mkanda wa kamera.

Jicho halikuwa jina ambalo mwanamke huyu alipewa na wazazi. Alibatizwa hivyo na watu wa kazi, kwa sababu alikuwa akiona mnyama pale ambapo wenzake waliona kichaka. Kwa miaka kumi na moja yeye na shemeji, mume wa dada yake mkubwa, walikuwa wamezunguka dunia wakitengeneza vitabu vya picha. Yeye alipiga, shemeji aliendesha na kuandika. Walilala kwenye mahema ya wachunga kulungu katikati ya theluji. Waliwaona dubu wakidaka samaki hewani kama walinda mlango. Mara moja nyangumi aliinuka karibu na mtumbwi wao, akamtazama Jicho kwa jicho moja kubwa tulivu, kisha akazama bila kuwalowesha. Nyumbani dada alikuwa akiwatania kwamba wao ndio wanandoa na yeye ni mtunza funguo. Wote walikuwa wakicheka, maana hakuna aliyekuwa na la kuficha.

Safari hii walikuwa wamefuata punda mwitu. Hawa ni punda wa kijivu wenye michirizi miguuni kama soksi, wachache kuliko wanafunzi wa shule moja, na huu ulikuwa msimu wao wa kuzaa. Hifadhi ilikuwa imefungwa. Shemeji aliomba kibali, akanyimwa. Alikuwa na maonyo mawili tayari kwa kuingia mahali asiporuhusiwa, na la pili aliambiwa ndilo la mwisho. Basi alfajiri ile walilizunguka geti, wakapita njia ya mgongoni, kilomita arobaini ndani. Jicho alijua kosa hilo tangu mwanzo, na alilikubali. Jambo hilo alilisema mwenyewe baadaye, bila kuulizwa.

Walihesabu walichonacho. Maji dumu moja, lita kumi na mbili hivi. Biskuti, makopo matatu ya maharage, limau moja. Simu hazikuwa na mtandao tangu jana.

"Mmoja lazima aende kituo cha askari," alisema shemeji. "Kipo mashariki. Nikitembea jua likipoa, kesho adhuhuri nitakuwa nimefika. Jioni nitakuwa hapa na gari lao."

"Watakukamata."

"Wanikamate. Kwani nitakuacha hapa uliwe na kunguru?"

Alisema hivyo, na macho yalimlengalenga. Jicho aliyakumbuka macho yale sana siku zilizofuata, kwa sababu aliamini, na bado anaamini, kwamba saa ile machozi yalikuwa ya kweli.

Aligawa maji: lita tano kwenye chupa zake, yaliyobaki kwa mgonjwa. Jua lilipoanza kulegea akaondoka, kofia kichwani, mkoba mgongoni. Alipofika kwenye kilima cha kwanza aligeuka, akapunga mkono. Jicho naye akapunga.

Siku ya pili alingoja. Alilala chini ya gari, mahali penye kivuli na harufu ya grisi, akinywa kikombe kimoja kila jua liliposogea shubiri moja mchangani. Mguu ulivimba, ukawa na moto wake peke yake. Adhuhuri ilipita. Jioni aliketi juu ya boneti akitazama mashariki, akitafuta vumbi. Alijipa sababu: huenda askari walikuwa doria, huenda gari lao nalo bovu. Mtu anayengoja hakosi sababu.

Siku ya tatu asubuhi punda walipita.

Walikuja kwa mstari, tisa, wakiongozwa na jike mzee aliyechanika sikio, yuleyule aliyempiga picha kabla ya ajali. Watoto wawili walikimbia katikati, miguu mirefu kuliko akili. Dume lilifuata nyuma, mbali kidogo, likigeuza shingo huku na huku. Hata katika hali ile, mkono wa Jicho ulienda kwenye kamera wenyewe. Aliinua, akabonyeza. Kamera ikamwonyesha alama nyekundu: hakuna kadi.

Alifungua mkoba wa kamera. Kijaruba cha kadi za kamera, zenye picha zote za safari ile, hakikuwemo. Alikung'uta nguo, akapekua chini ya viti, akaingiza mkono mpaka kwenye tairi la akiba. Hakuna. Kamera nzito zilikuwa zimeachwa. Lenzi zilikuwa zimeachwa. Vilivyochukuliwa ni vitu vyepesi tu, vinavyoingia mfukoni, na vyenye kazi yote ndani yake.

"Amezichukua zisiharibike," alisema kwa sauti, akiliambia gari.

Hata hivyo wasiwasi ulikuwa umeshaingia, na wasiwasi ukishaingia hauketi. Alichukua stendi ya kamera akaifanya mkongojo, akafuata nyayo za shemeji. Zilikuwa wazi kama maandishi. Zilikwenda mashariki hadi kilima cha kwanza, pale alipogeuka kupunga mkono. Upande wa pili wa kilima, mahali ambapo mtu aliye garini haoni, zilikata kona. Zilielekea kusini, kwenye barabara ya malori, mbali na kituo cha askari. Hazikusitasita. Hapakuwa na alama ya mtu aliyesimama akafikiri. Aliyezikanyaga alikuwa ameamua kabla ya kufika.

Jicho alisimama hapo akiegemea mkongojo, jua likimpiga utosini. Alitamani kulia lakini mwili ulikataa kutoa maji. Ndipo alipojua kwamba hakuna gari litakalotoka mashariki, kwa sababu mashariki hakuna aliyeambiwa.

Alirudi kwenye gari akitambaa sehemu ya mwisho. Maji yalikuwa yamebaki chupa moja ndogo. Kwenda kituoni kilomita arobaini kwa mguu ule ilikuwa ni kuchagua mahali pa kufia. Kubaki ilikuwa vilevile. Aliinama akanywa robo ya chupa, akajilaza, akafikiria kazi yake. Punda tisa, watoto wawili wanaonyonya. Jike anayenyonyesha hawezi kukaa siku nyingi bila maji. Wale walikuwa hawatangitangi. Walitembea kama watu wanaokwenda sokoni.

Kulipopambazuka siku ya nne, aliifuata njia ya kwato.

Ilimchukua asubuhi yote kutembea mwendo ambao mzima angeutembea kwa saa moja. Aliweka nadhiri ndogondogo: mpaka lile jiwe, mpaka kile kichaka kikavu. Ulimi ulikuwa umekauka ukawa kama kipande cha ngozi alichowekewa mdomoni na mtu mwingine. Njia iliteremka kwenye mto mkavu, mchanga mtupu katikati ya kingo za mawe. Hapo aliwaona.

Walikuwa wamesimama nusu duara. Jike mwenye sikio lililochanika alikuwa amezama hadi mabega, akichimba. Alipiga mchanga kwa kwato za mbele, akarudi nyuma, akaupiga tena, mchanga ukiruka tumboni kwake. Wengine walingoja. Hakuna aliyesukumana. Kisha jike alishusha kichwa ndani ya shimo na asikiinue kwa muda mrefu, na Jicho, akiwa amelala kifudifudi nyuma ya jiwe hatua thelathini, akasikia sauti ya kunywa.

Alikuwa amepiga picha za wanyama nusu ya umri wake. Siku hiyo kwa mara ya kwanza alimtazama mnyama kwa wivu.

Walikunywa kwa zamu: wenye watoto kwanza, kisha wengine, na dume la mwisho. Dume lilimwona. Lilisogea hatua chache, masikio yamelala, likapiga mchanga kwa mguu na kutoa mlio uliotetemesha mbavu za Jicho. Yeye hakuinuka. Hakuwa na nguvu za kuinuka. Aliweka paji la uso mchangani akanong'ona, "Mzee, sina shari. Nipishe tu ukimaliza." Dume lilimkazia macho. Halafu likapumua kwa kishindo, likageuka, likalifuata kundi lake.

Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke. Wahenga hao hawakuwahi kuachwa na ndugu yao jangwani siku nne. Jicho alijiburuta hadi shimoni, akaingiza kichwa mahali palipoingizwa vichwa tisa, na akanywa maji ya rangi ya chai, yenye harufu ya mkojo na chumvi na mchanga. Alitapika. Akangoja, akanywa tena kidogokidogo kupitia kitambaa cha kichwani. Safari hii yalikaa.

Alibaki hapo kwenye kivuli cha ukingo. Fisi mmoja alikuja jua likizama, akaketi ng'ambo ya mto, akaunusa upepo uliotoka kwenye mguu wa Jicho. Jicho alimrushia mawe na kumtukana matusi yote aliyojifunza katika nchi kumi na saba. Fisi alisikiliza kwa adabu, akanywa, akaondoka. Ndipo Jicho alipogundua kwamba yale matusi mengine hayakuwa ya fisi. Alikuwa amemtaja shemeji.

Siku ya tano mbuzi walifika kabla ya mwenye mbuzi. Walimzunguka, mmoja akaanza kutafuna mkanda wa kamera. Nyuma yao alitokea mwanamke mrefu, mkavu, mwenye fimbo begani na ngamia mmoja nyuma yake. Naye alikuwa amefuata punda kwenda majini. Ilionekana kwamba hayo ndiyo maisha yake. Alimwona Jicho, akasimama, akasema maneno. Jicho hakuelewa hata moja. Alijibu kwa lugha tano, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu funguo. Mchungaji alitikisa kichwa. Mwishowe aliinama, akafungua kitambaa cha mguu, akanusa, akakunja uso kiasi cha kumfanya Jicho acheke bila kutaka. Mchungaji naye akacheka.

Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Alichemsha maji kwenye sufuria nyeusi, akatia chumvi, akaketi juu ya paja la Jicho kwa uzito wake wote na kuliosha jeraha mpaka nyama nyekundu ikaonekana. Jicho alipiga kelele, mbuzi wakakimbia. Mchungaji hakuacha. Alipomaliza alimpa maziwa, akamwonyesha kwa vidole: kidogo, kidogo. Kisha alionyesha mguu, akaonyesha jua, akachora mstari mchangani kuelekea mashariki, na juu ya mstari akachora nyumba yenye bendera.

Alikuwa anamwambia: nitakupeleka kwa askari.

Nyayo za ngamia na mbuzi wa mchungaji huyo zilikuwa ndani ya hifadhi iliyofungwa, sawa na za Jicho. Akienda kule angeweza kutozwa faini au kunyang'anywa mifugo. Jicho alilijua hilo, na kwa ishara za mikono alijaribu kulisema: mbuzi, askari, mikono iliyofungwa. Mchungaji aliangalia ishara hizo, akainua mabega, akamweka juu ya ngamia.

Walisafiri siku mbili. Walikula mkate mgumu mmoja wakagawana. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja, na bado Jicho hakukumbuka safari aliyozungumza zaidi. Siku ya saba, mchana, bendera ilitokea.

Kituo kilikuwa chumba kimoja cha matofali chenye meza ya chuma, redio ya mawasiliano, na kalenda iliyokwama mwezi uliopita. Mkuu wa kituo, mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliinuka haraka akamshika Jicho kabla hajaanguka.

"Umetoka wapi, mama? Mbona hatujaambiwa mtu amepotea?"

"Hakuna aliyekuja? Mwanamume, ana kofia ya kijani?"

Mkuu wa kituo aliwatazama askari wake. Mmoja wao alikuna shingo. "Kuna mgeni wa kofia ya kijani nyumba ya wageni. Alishuka kwenye lori la chumvi siku ya... leo ni siku ya tano. Nilimuuliza kama yuko peke yake. Akasema yuko peke yake."

Nyumba ya wageni ilikuwa mtaa huohuo wa mji mdogo ambako malori yote ya chumvi huishia, kati ya gereji na duka la viatu. Mkuu wa kituo alimsindikiza, akabaki hatua moja nyuma. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya upepo. Shemeji alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake, shati safi, kikombe pembeni. Kwenye kioo alikuwepo jike mwenye sikio lililochanika, mkubwa, wazi, kila unyoya ukionekana. Shemeji aliinua macho. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga kompyuta.

"Shemeji," alisema. "Umefikaje?"

"Kwa miguu ya wengine."

Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Nilikuwa natafuta gari la kukufuata. Nilizungumza na dereva, haki ya nani, muulize. Akataka kujua ni wapi."

"Ukamwambia?"

"Ningemwambia, wangejua tulipopita. Unajua onyo langu lilikuwa la mwisho. Ni jela, shemeji. Siku mbili za kwanza sikulala, nilihangaika kweli. Ya tatu nikaona..." Alikisogeza kikombe. "Nikaona muda umeshapita."

"Muda wa nini?"

Shemeji alitazama viatu vyake. Nje mtu alikuwa akigonga bati kwenye gereji, kipigo kimoja baada ya kingine.

"Kadi zangu," alisema Jicho, akanyoosha mkono.

Shemeji alizitoa mfukoni mwa shati. Jicho alimpa mkuu wa kituo. "Hizi zimepigwa ndani ya hifadhi, bila kibali," alisema. "Tulikuwa wawili. Nilijua. Mimi nimekosa, na yeye amekosa. Huyu mama aliyenileta hana kosa. Mbuzi wake walinifuata mimi."

Huo uongo wa mwisho mkuu wa kituo aliuelewa vizuri, na hakuuandika popote. Waliporudi kituoni mchungaji alikuwa ameshageuza ngamia. Jicho alimkimbilia kwa kuchechemea, akamkumbatia, akanusa moshi na mbuzi. Mchungaji alimpigapiga mgongoni, akaonyesha mguu kwa kidole cha kuonya, akaenda zake.

Walimpa simu ya mezani. Namba ya dada aliijua kwa kichwa tangu utotoni, maana dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa.

"Dada, ni mimi."

Kikaja kilio kikubwa, cha mtu aliyekuwa amekizuia. "Uko hai! Mdogo wangu, uko hai!"

Jicho aliubadilisha mkonga wa simu sikio.

"Nani alikwambia nilikuwa nakufa?"

Kilio kilikatika.

"Dada. Nani alikwambia?"

"Alinipigia siku aliyofika mjini," dada alisema kwa sauti ndogo. "Aliniapisha. Alisema anatafuta njia. Alisema nikipiga simu kwa askari, ndiyo amekwisha. Nilikuwa naomba usiku na mchana, mdogo wangu, sijala. Watoto wana baba mmoja. Ningefanya nini?"

"Na wewe una wadogo wangapi?"

Dada alianza kulia upya. Jicho alimsikiliza kwa muda. Kilikuwa kilio anachokijua, kilekile kilichombembeleza akiwa na miaka sita, na alitafuta ndani yake mahali ambapo kilikuwa kikimgusa. Alirudisha mkonga wa simu mahali pake, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Muuguzi alikuwa njiani. Mkuu wa kituo alimwekea glasi ya maji mezani, akavaa miwani, akavuta fomu ya hospitali akaanza kuijaza. Aliandika jeraha. Aliandika siku. Kisha kalamu ikasimama.

"Hapa wanataka ndugu wa karibu," alisema. "Wa kuarifiwa likitokea lolote. Niandike nani?"

Jicho alikunywa maji yote, bila kupumzika, mpaka chini ya glasi. Yalikuwa safi, hayana ladha ya kitu chochote.

"Paache wazi," alisema.

Mkuu wa kituo alimtazama juu ya miwani. Halafu akauruka mstari ule, akaenda kwenye unaofuata.